Kidonda Kilichozoea Dawa

Kama una kidonda kinachonuka, na darasani umehamia dirishani ili upepo uchukue harufu kabla haijamfikia jirani, nimekuandikia wewe. Mimi nilikaa dirishani karibu muhula mzima na sikumwambia mtu. Si mtu wa kusema, mimi. Mwalimu akiita majina asubuhi, sauti yangu huchelewa kutoka, na mara nyingi wenzangu ndio hunijibia: "Awuor yuko." Kwa hivyo usitarajie maneno makubwa. Nitaeleza tu nilivyopitia, kwa sababu sasa mguu unatembea, na kwa sababu wakati ule ningependa sana kusoma kitu kama hiki.

Mwanzo wake ulikuwa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Nyumbani kwetu ni Kisegi, na likizo ya Agosti huwa tunamsaidia Mama ufuoni kupokea samaki kutoka kwa mashua. Mbuta ana miiba mgongoni, migumu kama sindano ya kushonea magunia. Mmoja aliyekuwa amelazwa mchangani hakuwa amekufa vizuri. Alijirusha, na mwiba ukaingia mbele ya mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, ukagonga mfupa. Niliusikia ukigonga. Damu ilitoka kidogo tu, ndiyo maana hakuna aliyeogopa.

Jioni Dani akaniita. Dani ni nyanya yangu, mama yake Baba, na ndiye daktari wa boma letu. Ana kopo la majani ya chai ambalo halina chai. Ndani anaweka kapsuli za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo shangazi humletea kutoka sokoni Migori. Tumbo likiuma, unameza moja. Ukikohoa, moja. Ukiwa na kidonda, Dani anaifungua kapsuli kwa kucha, anaigonga kwa kidole kama mtu anayetia chumvi kwenye yai, na ule unga wa manjano unaanguka juu ya kidonda.

"Kitakauka," huwa anasema, na kweli hukauka. Kinafanya kigaga kigumu na wewe unaenda zako kucheza. Changu pia kilikauka. Nikarudi shuleni Migori, kwenye bweni, na kigaga changu.

Kumbe kilikuwa kimekauka juu na kinaiva chini. Ngozi ilianza kung'aa, ikawa inavutika kama ngozi ya ngoma, na usiku nilisikia mpigo wa moyo wangu mguuni. Halafu kigaga kikapasuka na harufu ikaja. Siwezi kuieleza. Ni harufu ambayo ukiinusa unajua si ya nje, inatoka kwako.

Boke, aliyelala kitanda cha juu yangu, alisema, "Awuor, kuna panya amekufa chini ya kitanda chako."

Tulimtafuta huyo panya sisi wawili. Tuliinua masanduku, tukasogeza viatu, tukafagia. Mimi nilikuwa nikitafuta kwa bidii kumshinda, na nilijua hayupo. Boke alipoona soksi yangu imelowa, aliweka ufagio chini. Kisha akasema, "Hii mguu inataka ile ya rangi mbili."

Mjomba wake alikuwa na kibanda cha dawa huko mjini. Boke akaniletea kapsuli, nyingine za kumeza na nyingine za kufungua. Joto la mwili likashuka. Nilipojisikia vizuri niliacha kumeza, nikaweka zilizobaki kwenye soksi safi, zinisaidie siku mbaya ikija. Hivyo ndivyo kila mtu anafanya. Siku mbaya ilipokuja nilizimeza, nikapata nafuu, lakini nafuu ya mara hii ilikuwa fupi. Iliyofuata ilikuwa fupi zaidi. Mvua ya opon, ile ya mwisho wa mwaka, ilipoanza, kapsuli hazikufanya chochote tena. Nilianguka gwarideni, mbele ya shule nzima. Kwa mtu kama mimi, hiyo aibu ilikuwa kubwa kuliko homa.

Mama alikuja akanipeleka hospitali, Homa Bay.

Nataka kusema kidogo kuhusu benchi. Ukifika hospitali unaketi kwenye benchi refu na watu, na mmoja akiitwa ndani, wote mnasogea. Sisi tulikuwa tukisogea bila mtu kuitwa. Watu walikuwa wanaona afadhali wasimame. Mama alivua leso yake akanifunika mguu, akasema kwa sauti, "Huyu mtoto anasikia baridi," na huku jua lilikuwa kali. Kisha mzee mmoja akaja na fimbo, akaona nafasi yote ile, akaketi mpaka bega lake likagusa langu.

"Mimi pua yangu iliziba tangu mwaka jana," akaniambia. "Kumbe ilikuwa inangojea leo."

Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu anichukue shuleni. Kama mzee huyo bado yuko, Mungu ambariki na pua yake.

Nililazwa wodi ya wanawake. Sindano asubuhi, sindano jioni. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Mama Atis wa Magunga, aliyeungua mkono na mafuta ya mandazi, na ambaye mdomo wake haukuungua hata kidogo. Alijua kila mgonjwa anaumwa nini na anadanganya nini. Mguu wangu ulizidi kuvimba, na mimi nilizidi kukonda, mpaka pete ya shanga ikawa inanitoka kidoleni yenyewe. Walinibadilishia sindano. Wakabadilisha tena.

Asubuhi moja daktari wa wodi alimwambia Mama pembeni, lakini si mbali vya kutosha.

"Vijidudu vyake vimezoea dawa, mama. Tunavipiga havisikii. Vimeingia kwenye mfupa. Vikianza kupanda, itabidi tukate."

"Mkate ngozi?" Mama akauliza.

"Mguu."

Mama hakulia. Alikuja akanikunjia shuka vizuri, akaikunja tena, akaikunja mara nyingine. Mimi nilitazama vidole vyangu vya mguu kule mwisho wa kitanda. Nilivichezesha, na vyote vitano vikacheza.

Jumapili hiyo Dani alifika na ngege wa kukaanga, na ndani ya kikapu, chini ya samaki, lile kopo. Alilifungua, akatoa kapsuli, akaniambia nifunue bandeji.

Mama akamshika mkono. Kwetu mke wa boma hamshiki mama mkwe mkono hivyo. Hata sauti hampandishii.

"Mama," akasema, "hiyo ndiyo imetufikisha hapa."

Dani alirudisha kapsuli kwenye kopo, akafunika, akaweka samaki juu ya meza yangu, akatoka. Hakuaga. Tangu hapo hawakusemezana, na Baba akawa mtu wa kupeleka maneno huku na huku kama mtoto wa shule. Nilijua ni kwa ajili ya mguu wangu. Ukiwa mgonjwa unafikiri unaumwa peke yako, kumbe nyumba nzima ina homa.

Sasa nifike kwa Daktari Nafula. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti jeupe na gambuti zenye matope, na matope hayo ndiyo yaliyomfanya Mama Atis aketi kitandani kuangalia vizuri. Alikuwa ametoka Nairobi kwa utafiti, akapewa chumba kando ya maabara. Kwao ni upande wa Busia, hajui Dholuo, basi akija wodini sote ilibidi tuongee Kiswahili, kizuri na kibaya. Alisimama kwenye kitanda changu akasema:

"Awuor, naomba usaha wako kidogo, ukikubali."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kwa heshima hivyo. Nikatingisha kichwa kukubali.

"Daktari," Mama Atis akadakia, "ni kweli asubuhi unashika vyura huko kwa madimbwi?"

"Ni kweli."

"Unawafanyia nini?"

"Nawakamua jasho la ngozi, kisha nawarudisha majini."

"Wuololo. Wanakulipa kukamua chura, na sisi tuko na ng'ombe."

Daktari Nafula alicheka mpaka akaweka chupa chini. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda changu na kueleza, akiniangalia mimi, si Mama Atis. Chura anaishi kwenye maji machafu. Anakatwa na mawe, anaumwa na ndege, na bado kidonda chake hakiozi. Kwenye ngozi yake kuna vipande vidogo sana vya protini, na hivyo vinatoboa vijidudu ganda lao, vikafa. Lakini vya chura ni vya chura. Kwa hivyo wataalamu wanavichora upya, wanatoa hapa na kuongeza pale, kama fundi wa cherehani anayechukua gauni la mtu mwingine na kulipunguza mpaka likutoshe. Vinatengenezwa mbali, vinakuja kwenye vichupa vidogo kuliko kidole. Kazi yake ilikuwa kuvijaribu juu ya vijidudu vilivyokataa dawa.

"Kwa hivyo huyu mtoto mtampaka chura," Mama Atis akamalizia. Kutoka hapo wodi ikamwita Min Ogwal, mama wa chura, na yeye akaitika.

Baada ya siku kadhaa alirudi na kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha ili nione.

"Hawa ni wako," akasema.

Vijidudu vyangu vilikuwa vimeota kisahani chote, rangi ya uji mwepesi. Juu yake kulikuwa na vidude vya duara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa moja. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kando yake. Ile ya kapsuli nyekundu na nyeusi haikuwa na duara lolote. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni mwake, kama nyasi kwenye mlango wa nyumba iliyohamwa. Dawa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Lakini chini, upande wa kulia, palikuwa na mahali alipodondosha tone moja la kile kitu cha chura kilichochorwa upya, na hapo palikuwa safi kabisa, mviringo, ungeweza kuona kidole chake upande wa pili.

Sauti yangu haikuchelewa. "Basi nipe hiyo."

Mama aligeuka kuniangalia.

"Siwezi, Awuor," Daktari Nafula akasema. "Niliitia kwenye damu pia. Ikapasua damu kama ilivyopasua vijidudu. Bado haijajua kuchagua. Itabidi ichorwe tena, na tena. Labda ukiwa mtu mzima. Labda wewe ndiye utaichora."

Nililala nikageukia ukutani. Sitakudanganya, nilimchukia kwa muda. Umenionyesha mlango na kuniambia umefungwa, nilikuwa nikiwaza, si afadhali ungeniacha.

Lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa akimwonyesha daktari wa wodi kitu kingine kwenye kisahani, duara moja jembamba, jembamba kama pete yangu ya shanga, kando ya dawa ya kawaida ambayo haikuwa imejaribiwa kwangu. Waliongea muda mrefu. Kisha daktari wa wodi akaja kwa Mama. Dawa moja bado inasikika, akasema, lakini kidogo. Haitoshi peke yake. Watafungua mguu, watatoa mfupa uliokufa, kisha dawa hiyo itapewa nafasi. Kwanza sindano, halafu kapsuli za kumeza mpaka mvua ndefu. Ikikataa, watakata.

"Na ikikubali?" Mama akauliza.

"Ikikubali atachechemea kidogo tu."

Nililazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Kitu cha mwisho ninachokumbuka kabla ya nusukaputi ni Mama Atis akiniambia nikimwona chura huko ndani nimsalimie.

Siku zilizofuata zilikuwa za bandeji. Sista alikuwa akiimwagia maji ili isinivute, na bado ilivuta. Niliuma kona ya leso ya Mama mpaka ikatoboka. Krismasi ilitukuta wodini. Kwaya ya kanisa fulani ilikuja, na Mama Atis, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kupona, akawaambia wameimba vizuri isipokuwa yule mrefu. Asubuhi moja kabla ya mwaka mpya niliamka nikasikia harufu ya sabuni. Nilitafuta ilikotoka. Ilikuwa inatoka kwa shuka langu, na nikatambua ninaisikia kwa sababu ile nyingine haipo. Nikamwamsha Mama aliyekuwa amelala sakafuni.

"Nusa," nikamwambia.

Alinusa. Hapo ndipo alilia.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani na mikongojo na kopo la plastiki la kapsuli. Daktari Nafula alinisindikiza mpaka langoni na gambuti zake. Masharti yake yalikuwa haya: usiruke hata moja, usiache ukijisikia mzima, usifungue, usigawe.

"Vilivyobaki kwako ni vile vigumu," akasema. "Ukiacha katikati, hivyo ndivyo vitakavyozaana. Na hiyo ndiyo dawa yako ya mwisho niliyo nayo."

Nikamuuliza kile kisahani kimeenda wapi. Akasema vijidudu vyangu atavihifadhi kwenye friji ya maabara yao Nairobi, kwenye barafu. Kila kipande kipya kikichorwa, atakijaribu juu yao kwanza. "Wako ni wakaidi. Ndio nawataka."

Nyumbani Dani alinipokea vizuri lakini hakuingia kwa nyumba ya Mama. Alinisalimia kupitia dirishani. Nilimeza kapsuli zangu mahali ambapo hatanitazama, kwa sababu niliona haya kwa niaba yake.

Kisha Ochi, mdogo wangu, akajikata mguu na jembe.

Hakikuwa kidonda cha kutisha, lakini kilikuwa na udongo ndani. Mama alikuwa ufuoni. Dani alikuja mpaka mlangoni, akasimama pale na Ochi akining'inia kwenye leso yake, akanyoosha kiganja.

"Awuor, nyathina. Nipe mbili tu. Zangu mama yako alisema ni mbaya. Zako ni za daktari."

Nyathina ni mtoto wangu. Kwetu ukiwa na kitu na mkubwa anakuomba, unampa kabla hajamaliza kusema. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha hilo, niko nalo tu, kama jina. Na ni Dani, na ni Ochi anayelia, na kopo limejaa. Mbili nani angejua? Nilishika kifuniko. Nikawaza vile vidole vitano kule mwisho wa kitanda.

"Dani, siwezi."

Alinitazama kama hakusikia. Nadhani kweli hakusikia, kwa sababu niliisema chini sana. Nikarudia.

"Ni mbili tu," akasema. "Mtoto ananinyima kapsuli kama mchoyo wa sokoni?"

"Dani, kuja. Weka kidole hapa."

Nilipandisha sketi mpaka gotini. Hakuwa ameuona mguu tangu uliposhonwa. Mbele, chini ya goti, kuna shimo ambapo mfupa ulitolewa, ngozi imezama ndani, laini na nyeusi. Aliketi chini pole pole. Kidole chake kikazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kikakaa humo.

"Unga wangu ndio ulifanya hivi?"

"Ulikausha juu, Dani. Chini haukufika. Na vijidudu vikauzoea. Vikizoea na hizi hapa, hakuna nyingine. Watakata."

Alikitoa kidole taratibu. Ochi aliacha kulia, akataka na yeye kuweka kidole. Tukamwacha aweke.

Dani alisimama, akambeba Ochi mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda naye mpaka zahanati kwa miguu. Mimi na mikongojo yangu nilifuata nyuma kama mkia. Muuguzi aliosha kidonda kwa maji na sabuni, akasugua udongo wote, Ochi akalia kama anachinjwa. Kisha akafunga kitambaa safi.

"Dawa iko wapi?" Dani akauliza.

"Hii haitaki dawa, mama. Ilitaka kuoshwa."

Njia nzima ya kurudi alikuwa ananung'unika: kutembea mbali hivi, mtu msomi, na amempa maji. Lakini kila asubuhi alikiosha yeye mwenyewe, na kikapona.

Siku moja baada ya hapo, chwiri, ile mvua ndefu, ikiwa imeanza kupiga mabati, Dani alikuja na kuingia kwa nyumba ya Mama bila kubisha, ameshika lile kopo. Alikuwa amelisugua kwa majivu mpaka linang'aa. Aliliweka mezani mbele ya Mama akafungua. Lilikuwa na majani ya chai.

Mama alibandika maji. Walizungumzia mvua na bei ya omena. Chai ilikuwa chungu kidogo, na nadhani sote tulijua ni uchungu wa nini. Mama alikunywa kikombe chake mpaka chini, akaomba kingine.

Kapsuli ya mwisho niliimeza mbele ya Dani. Aliniambia nifungue mdomo aone.

Nilirudi shuleni muhula wa pili, kurudia kidato cha pili, na Boke sasa yuko mbele yangu. Nachechemea kidogo tu, kama alivyosema daktari. Mvua ikiwa imeleta chura kwenye mtaro wa bweni, wasichana hupiga kelele, na mimi huinama kuangalia ngozi yake. Darasani nilichukua kiti cha katikati.

Usiku wa kwanza bwenini Boke aliinamisha kichwa kutoka kitanda cha juu, akavuta pumzi kwa pua, kwa makusudi.

"Na yule panya alienda wapi?"

"Walimkata," nikamwambia. "Kipande kingine kiko Nairobi, kwenye friji. Wanamfundisha chura kumla."

Boke alicheka mpaka kitanda kikatikisika, akaniambia nieleze vizuri, na bweni zima likanyamaza kusikiliza. Nikaeleza.